Ukiwekwa Karantini Ukiwa Mwalimu Mgeni Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni kwa walimu waliotoka Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na kwingineko kuja kufundisha katika shule za binafsi za Dar es Salaam, ambao siku yoyote wanaweza kuambiwa na afisa afya wasitoke nyumbani kwa sababu ugonjwa wa mlipuko umegusa shule yao, nyumba wanayopanga au basi walilosafiria. Jambo hilo si la kufikirika. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa, na wiki hiyohiyo ikatoka amri kwamba kila anayeingia kutoka nchi zilizoathirika akae karantini siku 14 kwa gharama zake mwenyewe, amri iliyodumu hadi Mei. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, ukarudi mkoani humohumo, wilayani Biharamulo, Januari 2025, na Machi ya mwaka huo Wizara ya Afya ikathibitisha wagonjwa wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) nchini.

Kwa mwalimu mwenyeji, karantini ni usumbufu. Ana shangazi Tandika wa kumletea wali, ana mdogo wake wa kumnunulia gesi, na mwenyekiti wa mtaa anamjua tangu utotoni. Mgeni hana hayo yote, na kwa jinsi nilivyoshuhudia kwa walimu wageni niliofanya nao kazi, wanaoumia hawaumizwi sana na ugonjwa, ambao wengi wao hawaupati kabisa, bali na mambo ya kiutawala: kibali kilichoisha wakiwa ndani, mshahara uliokatwa bila barua, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi na watu, na sehemu ndogo tu inahusu dawa.

Kabla ya mlipuko wowote

Anza na karatasi. Mwalimu mgeni anayefanya kazi kihalali ana vibali viwili kutoka ofisi mbili: kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Kila kimoja kina tarehe yake ya mwisho, na tarehe hizo hazisubiri karantini iishe. Piga picha vibali vyote viwili, kurasa za mwanzo za pasipoti, mkataba wa ajira, kadi ya bima na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kisha uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu simu inaweza kuibwa kwenye daladala kabla ya mlipuko haujaja. Zipo shule zinazokusanya pasipoti za walimu wageni na kuzifungia ofisini kwa maelezo kwamba ndipo zilipo salama. Shughuli za vibali zikishamalizika, omba yako urudishiwe, kwani siku shule itakapofungwa kwa ajili ya kupulizia dawa, kabati hilo nalo litakuwa limefungwa.

Kuhusu hiyo kadi ya homa ya manjano, cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hivyo hakuna haja ya kuchanjwa upya kila baada ya miaka kumi kama zamani. Anayetoka eneo lenye ugonjwa huo bila cheti anaweza kuzuiwa mpakani kwa muda usiozidi siku sita.

Baada ya karatasi, soma mkataba wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Tatizo la aliyewekwa karantini ni kwamba haumwi. Hakuna daktari atakayemwandikia cheti cha ugonjwa, na bila cheti mhasibu wa shule anabaki huru kuamua kwamba siku hizo ni utoro, au ni sehemu ya zile siku 28 za likizo ya mwaka. Wakati mzuri wa kulizungumza jambo hili ni siku ya kusaini au kuhuisha mkataba, kabla ya mlipuko. Omba kiongezwe kifungu kimoja kinachosema kwamba mwalimu akizuiwa na mamlaka ya afya kwa sababu ya mtangamano (kukaribiana na mgonjwa) uliotokea shuleni au safarini kwa kazi ya shule, atalipwa mshahara wake kamili na siku hizo hazitahesabiwa kuwa likizo. Wakuu wa shule wengi hukubali, kwa kuwa kipindi hicho kila mtu ni mzima na hakuna anayeona gharama yake. Kampuni ya bima nayo iulizwe mapema kama inalipia malazi ya mtu aliyewekwa karantini bila kuugua, kwa sababu bima nyingi hulipia matibabu peke yake.

Halafu watu. Jitambulishe kwa mjumbe na kwa ofisi ya serikali ya mtaa mapema, ukiwa na nakala ya kibali chako, hata kama mwenye nyumba anasema haina haja. Siku maafisa afya watakapokuja kukutafuta wataanzia kwa mwenyekiti, na kuna tofauti kubwa kati ya mwenyekiti anayesema "yule mwalimu wetu wa hesabu" na anayesema "kuna mgeni mmoja hapo, sijui katokea wapi." Mtafute pia mtu mmoja, jirani au mwalimu mwenzako mwenyeji, ambaye mmeshakubaliana kwamba atakuletea vitu langoni ikibidi. Mtu huyo awe na namba za ndugu zako nyumbani, na wao wawe na yake. Ujiandikishe ubalozini kwenu, jambo ambalo walimu wa Afrika Mashariki hulipuuza kwa kuona kwamba Nairobi au Kampala ni safari ya basi tu.

Laini ya simu lazima iwe imesajiliwa kwa pasipoti yako na kwa alama zako za vidole. Walimu wengi hufika, wakapewa laini ya haraka iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) cha rafiki, na mshahara ukawa unaingia humo. Ukiwa karantini, simu ndiyo pochi, ndiyo duka na ndiyo hospitali. Laini hiyo ikifungiwa huwezi kwenda ofisi za kampuni ya simu kuifungua, na rafiki mwenye kitambulisho huenda alishahamia Mwanza.

Weka ndani chakula kikavu cha wiki moja, mtungi wa gesi usiokaribia kwisha, madumu ya maji yenye mifuniko, kipimajoto cha kwapani, JIK na dawa zako za kila siku za mwezi mzima kama unazo. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asisubiri kidonge cha mwisho.

Saa ya kwanza baada ya kupewa taarifa

Taarifa huja kwa simu au kwa wageni wawili watatu mlangoni wakiwa na fomu. Wana mamlaka ya kisheria, kwani Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawaruhusu kuwazuia watu ili kudhibiti magonjwa ya kuambukiza, na kubishana nao mlangoni mbele ya wapangaji wenzako hakutakusaidia. Ila una haki ya kuuliza, nao wana wajibu wa kujibu. Waombe vitambulisho kwa adabu, kisha fungua daftari uandike majibu ya maswali haya mbele yao: ni ugonjwa gani, nilitangamana na nani au wapi, tarehe ya mwisho ya mtangamano huo ni ipi, karantini yangu inaisha tarehe ngapi, na nani atakuwa ananipigia kila siku. Omba barua au nakala ya fomu. Wakisema italetwa kesho, piga picha ile waliyonayo kwa ruhusa yao.

Swali la tarehe ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Siku za karantini huhesabiwa kuanzia siku uliyotangamana na mgonjwa mara ya mwisho, haijalishi taarifa imekufikia lini. Kama ulikaa naye chumba cha walimu tarehe 3, ukaambiwa tarehe 9, na ugonjwa ni Marburg ambao huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, basi siku yako ya mwisho ni tarehe 24, na ulipopewa habari ulikuwa umebakiza siku 15. Nimeona mwalimu akiongezewa karibu wiki nzima kwa sababu aliyejaza fomu aliandika tarehe ya siku ile aliyoijaza. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa simu moja likigundulika siku ya kwanza, na haliwezekani kurekebishwa wiki ya tatu. Upande mwingine wa hesabu hiyo ni mchungu zaidi: ukiishi na mtu mwingine aliye karantini naye akaugua, siku zako zinaanza upya kutoka mtangamano wako wa mwisho naye, na hii ndiyo sababu ya kuomba utengwe peke yako kila inapowezekana.

Muda hutofautiana kwa ugonjwa. Ebola na Marburg ni siku 21, korona ilikuwa 14. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano, na kwa kawaida waliotangamana na mgonjwa hawafungiwi, bali hufundishwa usafi wa maji na mikono na kuambiwa wawahi hospitali wakianza kuharisha. Kwa mpox, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba aliyetangamana na mgonjwa afuatiliwe kwa siku 21, lakini asipokuwa na dalili anaweza kuendelea na shughuli zake huku akijiepusha kugusana na watu, wakiwemo watoto. Sharti hilo la mwisho linamtosha mwalimu wa chekechea kubaki nyumbani, lakini huenda lisimzuie anayefundisha kidato cha sita. Uliza.

Jua pia kwamba kuna hali mbili ambazo mitaani huchanganywa. Mtu mzima aliyetangamana na mgonjwa anasubiri siku zake zipite, nyumbani au mahali palipotengwa. Mwenye dalili anapelekwa kwenye kituo maalumu kuchukuliwa vipimo na kuhudumiwa. Ukiwa katika hali ya kwanza usikubali kuingizwa wodini pamoja na wenye dalili. Sema wazi, kwa sauti ya kawaida, kwamba wewe huna homa na unaomba kutenganishwa nao. Ukiwa katika hali ya pili, usikubali kurudishwa nyumbani kwa bodaboda.

Kama umezuiwa uwanja wa ndege au mpakani ukirudi kutoka likizo, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 ndizo zinazokuhusu. Kifungu cha 32 kinataka msafiri aliyezuiwa apewe chakula, maji, malazi, matibabu yanayofaa na njia ya kuwasiliana. Kifungu cha 40 kinakataza kumtoza msafiri gharama za karantini, lakini kinawaacha nje wanaokuja kuomba ukaazi, wa muda au wa kudumu. Mwalimu anayeingia kwa mara ya kwanza kuanza kazi yumo humo, kwa hiyo akubaliane na shule kabla ya safari ni nani atakayelipa hoteli.

Nyumba yenyewe

Ushauri mwingi wa karantini umeandikwa kwa mtu mwenye chumba chenye choo chake ndani. Mwalimu mgeni wa Dar es Salaam mara nyingi anapanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano au sita, Kimara au Mbagala, choo na bafu viko uani, na kamba ya nguo ni moja. Kwa ugonjwa kama Marburg, nyumba ya aina hiyo haifai, na unapaswa kumwambia afisa afya hivyo wakati uleule anapojaza fomu, ili upelekwe mahali pengine au shule ikutafutie nyumba ya wageni kwa makubaliano na mamlaka. Watu huona aibu kusema kwamba wanachangia choo. Aibu hiyo inawagharimu wapangaji wenzako kuliko inavyokugharimu wewe.

Ikibidi kubaki hapo kwa ugonjwa wenye hatari ndogo zaidi, mwombe mwenye nyumba akutengee tundu moja la choo, na kama liko moja tu, uwe wa mwisho kulitumia asubuhi na ulisafishe kila unapotoka. JIK ya kawaida yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kupata dawa ya asilimia 0.5 ya kupangusia sakafu, vitasa na choo. Dawa ya kunawia mikono ni dhaifu mara kumi, nayo hupatikana kwa kuchukua kikombe kimoja cha ile ya kwanza na kuongeza vikombe tisa vya maji. Changanya upya kila siku kwa kuwa hupoteza nguvu, na usiichanganye na sabuni ya unga wala dawa nyingine ya choo. Fungua madirisha. Ndiyo, mbu wataingia, kwa hiyo chandarua kiwe kimefungwa tangu jioni, na Dar es Salaam, jiji lililopata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, mbu wa mchana wanahitaji kuangaliwa vilevile: funika madumu, mwaga maji ya kwenye makopo ya maua.

Dada wa kazi, kama unaye, aamue mwenyewe kwa hiari yake kubaki au kuondoka kabla karantini haijaanza, na maafisa wajue uamuzi huo. Kumfungia ndani mtoto wa watu bila kumwuliza ni jambo lisilofaa hata kidogo.

Chakula, maji na umeme

Utaratibu wa langoni uwe mmoja na usibadilike. Kigoda au ndoo iliyogeuzwa inawekwa nje ya mlango. Mleta vitu anatua mfuko juu yake, anapiga simu mlio mmoja, anarudi nyuma hatua kadhaa. Wewe unafungua, unachukua, unafunga. Chombo hakirudi: mama ntilie akikuwekea ugali na samaki kwenye hotipoti yake, hamishia chakula kwenye sahani yako akiwa bado yupo na hotipoti ibaki mikononi mwake, au mkubaliane atumie vyombo ulivyomnunulia wewe siku ya kwanza. Malipo yote yawe kwa simu. Noti isitoke mlangoni kwako.

Umeme unawachanganya wengi. Namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), yenye tarakimu 11, iandike ukutani ndani ya chumba, kwa sababu katika nyumba nyingi mita iko barazani au kwenye nguzo nje. Tokeni utainunua kwa simu, lakini zile tarakimu 20 kuna mtu inabidi akakuingizie kwenye mita. Mtumie kwa ujumbe mfupi, usimsomee kwa sauti dirishani. Kama mita mnachangia, mwambie mpangaji anayekusanya fedha kwamba mchango wako utautuma mapema. Mpangaji aliye karantini na anayedaiwa umeme hana rafiki. Maji yakatike au yasikatike, jaza kila chombo siku yanapotoka.

Joto la mwili, na homa inapokuja

Pima joto asubuhi na jioni, saa zilezile, uandike kwenye daftari tarehe, saa na kipimo. Anayepiga simu kila siku atakuuliza maswali yaleyale: homa, kuumwa kichwa, kutapika, kuharisha, vipele, kutokwa damu. Jibu ukiwa na daftari mkononi. Usimeze panadol kabla ya kupima, maana inashusha homa na kuficha dalili, na ukiimeza kwa sababu nyingine iandike. Kama ugonjwa unaoshukiwa ni Ebola au Marburg, achana na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Ikifika nyuzi 38 piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na umpigie pia afisa anayekufuatilia. Usiende duka la dawa, wala usimtume mtu akakuletee dawa ya malaria ya kubahatisha. Homa jijini Dar es Salaam ina sababu nyingi, malaria na dengue zikiwemo, na uwezekano ni mkubwa kwamba siyo ule ugonjwa unaouhofia. Lakini atakayelithibitisha hilo ni mpimaji aliyevaa mavazi ya kujikinga, siyo mwuza dawa wa mtaani ambaye atashika mkono wako kisha amhudumie mama mwenye mtoto mchanga. Gari likija, panda na begi dogo uliloliandaa mapema: nguo, chaja, dawa zako, daftari lako la joto na nakala ya kibali.

Kazi ya darasani

Asiyekuwepo na lake halipo, nalo hilo ni kweli zaidi kwa mwalimu wa mkataba wa miaka miwili ambaye nafasi yake inatamaniwa. Siku ya kwanza mwandikie mkuu wa shule barua pepe, nakala kwa mwalimu wa taaluma, ukiambatisha fomu ya afisa afya na ukieleza masomo utakayoendelea kuyaendesha ukiwa nyumbani. Tuma azimio la kazi na maandalio ya masomo ya wiki mbili ili anayekushikia vipindi asianze kubuni. Kwa madarasa ya sekondari, kundi la WhatsApp la somo linatosha: sauti fupi za dakika tatu au nne, picha ya ubao mdogo au karatasi, zoezi moja, na muda maalumu wa kupokea maswali. Usijaribu kipindi kizima cha video. Bando litaisha, yako na ya wazazi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na ni vizuri mkirejelea ukurasa uleule.

Kwa shule za msingi utakuwa unazungumza na wazazi kuliko watoto, kwa kuwa simu ni za wazazi na zinarudi nyumbani saa mbili usiku. Punguza matarajio. Madaftari ya wanafunzi yasiletwe kwako kusahihishwa, hata mkuu wa shule akisisitiza kwamba mitihani ya muhula imekaribia. Kitu kilichoingia chumbani mwako kikarudi mikononi mwa watoto arobaini kitaleta maswali ambayo hutaki kuyajibu, hata kama wewe ni mzima kabisa.

Mshahara na vibali ukiwa ndani

Makubaliano yoyote ya mshahara yawe kwa maandishi. Mkuu wa shule akikwambia kwa simu "usiwe na wasiwasi, mwalimu, utalipwa," mshukuru, kisha baada ya dakika kumi mwandikie ujumbe: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo kwamba nitalipwa mshahara kamili kwa kipindi chote cha karantini." Asipoukanusha, umeshapata maandishi.

Kibali kikikaribia kuisha, usisubiri kutoka. Maombi ya kuhuisha hufanyika kwa njia ya mtandao, na mwajiri ndiye mwenye kazi kubwa ya kuyawasilisha, hivyo mwulize kila baada ya siku chache maombi yamefika hatua gani na uombe namba ya kumbukumbu. Tarehe ikionekana itapita, peleka barua Uhamiaji kabla haijapita, ikiambatana na fomu ya karantini, kupitia mwajiri na kwa barua pepe yako pia. Anayejieleza mapema ni mwombaji, anayejieleza baadaye ni mtuhumiwa. Mjulishe ubalozi wako wakati huohuo, ili kuwe na mtu mwingine mwenye nakala.

Maneno ya watu

Mgeni akiwekwa karantini, mtaa mzima unajua yeye ndiye aliyeleta. Haitasaidia kueleza kwamba uliambukizwa hofu hapahapa chumba cha walimu. Mwachie mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata kazi ya kueleza majirani, na ikibidi uwaombe wafanye hivyo. Kwenye kundi la WhatsApp la walimu andika sentensi moja tu: upo salama, unafuata maelekezo, utarudi tarehe fulani. Usitaje jina la mgonjwa, usisambaze picha za gari la wagonjwa, usitangaze jina la ugonjwa ambao Wizara haijautangaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na mgeni mwenye kibali hana nafasi ya kufanya mzaha na sheria hiyo.

Kishawishi kikubwa zaidi huja siku ya tatu au ya nne: kupanda basi usiku kwenye kituo cha Magufuli, Mbezi, ulale Namanga, kesho upo kwa mama. Usifanye hivyo. Jina lako limo kwenye orodha ya ufuatiliaji, ukikutwa mpakani una homa utatengwa mbali na kila unayemjua, na abiria hamsini wa basi wataingia karantini kwa ajili yako. Kazi pia itakuwa imekwenda, kwa sababu mwalimu aliyetoroka hana hoja mbele ya mwajiri.

Nyumbani kwenu wapigie kila siku saa moja maalumu. Ukikaa kimya siku mbili, ndugu ataanza safari ya kukufuata.

Siku ya kutoka

Siku haiishi kwa kuhesabu mwenyewe na kufungua mlango. Subiri afisa aje au apige, apime joto la mwisho, akuandikie barua ya kukuruhusu yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sahihi na mhuri. Kagua tahajia ya jina kabla hajaondoka. Barua hiyo peleka nakala kwa mkuu wa shule, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mwenye nyumba na kwa yeyote aliyekushikia maombi ya kibali, na ya asili ubaki nayo ndani ya pasipoti kwa miezi kadhaa, hasa kama utavuka mpaka kabla mlipuko haujatangazwa kwisha. Kwa Marburg na Ebola tangazo hilo huja baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, kwa hiyo unaweza kuwa huru wiki nyingi kabla nchi haijawa huru, na maafisa wa mpakani watauliza.

Mshahara wa mwezi huo uangalie siku unapoingia. Ukiwa umekatwa kinyume cha mlivyokubaliana, mwandikie mwajiri kwanza, ukiambatisha barua ya kuruhusiwa na ule ujumbe wa makubaliano. Asipojibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea migogoro ya namna hii ndani ya siku 60 tangu ilipotokea, na ndani ya siku 30 ikiwa umeachishwa kazi. Mgeni mwenye kibali halali hufungua shauri kwa fomu ileile anayojaza mwenyeji.